Dobi Feruzi na Nguo ya Bustani

Hapo zamani, siku ambazo masultani walikuwa wengi kuliko mito, palikuwa na Sultani jina lake Ghalibu, akitawala mji wa Sarambe. Nje kidogo ya mji, kando ya mto, palikuwa na kiunga kiitwacho Majabali, chenye nyumba arubaini za makuti na jabali moja pana la kufulia nguo. Jabali hilo ndilo lililokuwa likimlisha dobi mmoja aitwaye Feruzi, fukara wa kutupwa. Feruzi alikuwa ametembea nchi kumi na moja, akifuata misafara, mara mpagazi, mara mpishi, na safari moja mgonjwa. Naye alipoulizwa amerudi na nini, huvua kofia akaonyesha upara. "Huu," husema, "nimeutoa mbali sana, na pale forodhani hawakuuona."

Basi siku moja Sultani Ghalibu alisikia kwamba katika miji ya ng'ambo wafalme wana bustani kando ya mito, na raia huenda huko jioni wakafurahi. Usingizi ukampaa. Akamwita Waziri wake, Shamte, akanena, "Ewe Waziri, nami nataka raia zangu wafurahi. Asiyefurahi nitamtia gerezani."

Waziri akaleta mchoraji kutoka nchi za mbali, akachora kwa muda wa miezi saba juu ya nguo nyeupe iliyoweza kutandikwa vitanda vinne. Akachora kilima cha udongo wa kuletwa, na bwawa la bata bukini, na ukumbi wa kahawa. Katikati akachora bembea ya Sultani, ndefu kama mnazi. Na pale zilipokuwa nyumba arubaini za Majabali, akachora majani. Kisha akalipwa, akaenda zake kwao.

Sultani akatia muhuri wake juu ya nguo ile, na chini yake akaandikisha amri: "Kilichomo katika nguo hii kitakuwapo mtoni. Kisichomo kitaondolewa siku ya Ijumaa." Mpiga mbiu naye akapita kiungani akipuliza pembe, "Furahini, enyi watu! Bustani hii ni mali yenu nyote watu wa Majabali, wakubwa kwa wadogo! Na kabla ya Ijumaa mhame!"

Bi Mashavu, mshona kofia, jirani yake Feruzi, mwanamke ambaye ulimi wake na sindano yake vilinolewa mahali pamoja, akamwendea dobi pale jabalini. "Kaka Feruzi, wewe uliyetembea dunia, huko ulikokwenda, watu wakifukuzwa makwao hufanyaje?"

"Dada yangu," akajibu Feruzi, akikamua kanzu ya mtu, "huko nilikokwenda aliyekuwa akifukuzwa ni mimi. Sikubaki nikaona mwisho wake."

"Mungu akuongezee upara."

"Amin. Pa kuongezea hapapo."

Ikawa Jumanne asubuhi, Sultani alikuwa ametandikiwa ile nguo barazani, akiwaeleza wageni wake jinsi atakavyobembea. "Nitakwenda hivi," akanena, akinyoosha mikono, "kisha nitarudi hivi!" Na aliporudi hivi, kiwiko kikapiga birika la kahawa, kahawa yote ikamwagika juu ya nguo, tena palepale kwenye majani yaliyochorwa juu ya Majabali.

Mchoraji amekwenda, muhuri umekwisha tiwa, na Ijumaa iko mlangoni. Basi likatoka neno: aitwe dobi.

Feruzi akaja na kapu lake kichwani. Akaitazama nguo, akaizunguka, akainama akanusa.

"Waonaje?" akauliza Sultani.

"Maulana, naona doa hili ndilo jambo la kweli peke yake humu. Angalau linasema kwamba hapa pana kitu."

"Funga kinywa chako!" akafoka Waziri. "Utaondoa kahawa yote isibaki hata rangi yake. Na mistari ya mchoro usiipoteze hata mmoja. Nguo irudi Ijumaa baada ya sala. Ukishindwa, utauhama mji huu wewe kwanza, na utauhama kwa miguu!"

"Mimi sijapata kuuhama mji kwa kitu kingine," akasema Feruzi. Akalamba kidole, akagusa mstari mmoja pembeni, kidole kikatoka cheusi. Akajua wino ule ni masizi na utomvu, ukionja maji tu utakwenda na kahawa pamoja. Akakumbuka kwamba safari hii anayefukuzwa si yeye peke yake. Akainamisha kichwa akasema, "Bwana Waziri, ipo desturi ya kazi. Sisi madobi hatutii nguo majini mpaka imetiwa alama ya mwenyewe kwa uzi, isije ikapotea au kuchanganyika na ya mwingine. Nyumba hii alama yake msalaba, ile mwiba wa samaki, ile vitone viwili. Nguo hii mwenyewe nani?"

"Kwani huna masikio?" akasema Waziri. "Mpiga mbiu alisemaje? Ni mali ya watu wote wa Majabali, wakubwa kwa wadogo!"

"Basi nitie alama zao?"

"Tia upesi, toka mbele ya macho yangu!"

Feruzi akaikunja nguo ile, akaenda nayo mbio hata kapu likasahauliwa barazani. Akamkuta Bi Mashavu kibarazani kwake, akamtupia mapajani.

"Dada Mashavu, huu mchoro ni wa wino unaotoka. Tukishona juu ya mistari kwa uzi, wino utakwenda, na mchoro utabaki."

"Yaani tuwashonee watu bustani yao ya kutufukuzia?" Akashika kiuno. "Wewe huo upara umeingia mpaka ndani!"

Feruzi akamnong'oneza yaliyobaki. Bi Mashavu akakodoa macho, kisha akacheka hata akaegemea nguzo, kisha akaita washona kofia wote wa kiunga. Wakashona Jumanne, wakashona Jumatano, na mishono yao ilikuwa myembamba kama nyayo za sisimizi. Walipomaliza mistari ya mchoraji, na muhuri, na maneno ya amri chini yake, wakatia alama za nyumba, kila alama mahali ilipo nyumba yenyewe: msalaba hapa, mwiba wa samaki pale, vitone viwili kwenye kona ya njia. Zikatimia thelathini na tisa.

"Na yako?" akauliza Bi Mashavu.

"Mimi sina alama. Nina kanzu moja. Ikipotea nitajua mara moja, kwa baridi."

Bi Mashavu akatunga uzi mpya. Akashona mviringo mdogo uliong'aa, usio na unywele hata mmoja, ikawa arubaini.

Alhamisi Feruzi akaifua nguo kwa majivu na ndimu, akaipiga jabalini hata kahawa ikakimbilia baharini na wino nyuma yake. Akaianika, akaipiga pasi ya makaa.

Ijumaa baada ya sala nguo ikatandikwa barazani, nyeupe kama wali wa karamu, na mistari yote ipo. Sultani akapiga makofi. "Bembea yangu hii hapa! Na bata wangu hawa! Lakini, ewe dobi, hivi vidudu vingi vinavyotambaa kwenye majani yangu ni nini?"

"Ni alama za wenye nguo, maulana. Bwana Waziri aliniambia ni nguo ya watu wote wa Majabali, nami nikawatia wote, kila mtu penye nyumba yake, wasije wakachanganyika. Sasa wamo katika nguo. Na amri ya maulana yasema, kilichomo kitakuwapo."

Waziri akaruka kama aliyekalia siafu. "Ameharibu mchoro! Zifumuliwe sasa hivi!"

"Zifumuliwe," akasema Feruzi kwa upole, "lakini kwa mkono wa Bwana Waziri. Na kila atakayefumuliwa, mpiga mbiu amwendee amwambie kwamba Sultani alimtangaza kwa pembe kuwa mwenye bustani, na halikuwa neno la kweli."

Sultani akaisoma amri yake mwenyewe mara ya kwanza, na mara ya pili kwa kidole. Kidole kikapanda mtoni, kikashuka, kikasimama.

"Shamte," akanena, "nyumba yako nawe iko kule mtoni, ile ya ghorofa. Humu iko wapi?"

Waziri akajibu, "Maulana, haikuwa na haja ya kuchorwa. Inajulikana."

"Na hizi zajulikana," akasema Feruzi.

"Mbona nyumba ya Waziri haina alama?" Sultani akamwuliza dobi.

"Yeye hufulisha kwa dobi mwingine, maulana. Aliniambia mimi nina mkono wa kimaskini."

Hapo kicheko kikamwanza Sultani mabegani, kikashuka tumboni, hata kilemba kikamteremka machoni, naye akawa anacheka gizani. "Kisichomo kitaondolewa Ijumaa! Na leo ni Ijumaa, Shamte! Leo ni Ijumaa!"

Ikawa Waziri mkuu wa Sarambe kupiga magoti juu ya nguo, sindano mkononi, akishona alama ya nyumba yake kabla jua halijatua, na Bi Mashavu, aliyeitwa kutoka kiungani, amesimama juu yake. "Fupisha mshono, baba! Huo mrefu kama hotuba zako."

Sultani akapangusa machozi, akaamuru bustani ijengwe kama ilivyo katika nguo, bembea na bata na nyumba arubaini na moja, na dobi aombe atakalo. Feruzi akaomba sabuni. Kisha Sultani akainama, akamnong'oneza Bi Mashavu, "Nami je? Sina mahali kule ila bembea tu."

"Bembea si makazi, maulana. Shika sindano, usubiri zamu yako."

Akashika, akajichoma, akapiga yowe, akashona kitu kilichofanana na kaa aliyelala, ubavuni mwa jabali la kufulia. Na amri ni amri: kilichomo katika nguo kitakuwapo mtoni, hata akiwa Sultani. Basi ukipita Majabali ukasikia mtu akipiga kanzu jiweni bila mpango, na povu likiruka mpaka njiani, usimkaripie. Mpe salamu yake ya kifalme, kisha umwonyeshe namna ya kukamua.