Aliyebaki Amesimama

Wapendwa, zifungeni Biblia zenu kidogo, wekeni kidole pale tulipoishia, twende Hispania mara moja. Msiogope, tutarudi kabla ya ibada ya pili.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa Kiingereza, mtu wa huku kwetu, aliyefundisha miaka kumi na minane na ambaye suruali yake haikukosa mstari wa pasi hata siku moja. Akapata kazi katika shule moja ya msingi huko Hispania, mji mdogo wa milimani. Akafika, akapanga chumba ghorofa ya tatu, akanunua koti, akazoea kula chakula cha mchana saa tisa kama wenyeji. Unga wa ugali hakuupata, akaona hilo nalo si la kumrudisha mtu nyumbani. Alijiamini, na sababu alikuwa nayo.

Darasani alikuta watoto hawasimami mwalimu akiingia. Baada ya wiki moja walikuwa wanasimama. Akawafundisha na ule utaratibu wetu mwingine: ukiulizwa swali unasimama, ukikosa unabaki umesimama hivyo hivyo mpaka mwenzako apate. Mnacheka? Nani humu ndani hakusimama darasa la tatu kwa ajili ya saba mara nane? Naona wazee wa kanisa wanatazama dari.

Sasa, Kihispania mwalimu huyu hakukijua. Mkuu wa shule alimwambia mapema kwamba mwezi wa sita kuna mkutano wa wazazi, na kila mwalimu huwaeleza maendeleo ya watoto kwa lugha yao, bila mkalimani. Akiweza, mkataba utaendelea. Asipoweza, afungashe. Mwalimu akasema hilo ni jambo dogo. Akajiandikisha kwenye darasa la wageni, Jumanne na Alhamisi saa kumi na moja jioni, pale pale shuleni, katika chumba kile kile alichofundishia asubuhi.

Humo alikuta Mchina mmoja mwenye duka, mama mmoja kutoka Ukraine anayefanya usafi, na vijana wawili wa Moroko wanaovuna zeituni. Watu hao walikuwa wanakosea bila aibu yoyote. Wanakosea, wanasahihishwa, wanacheka, wanaendelea. Mwalimu wetu yeye alikaa dawati la nyuma na daftari lake safi, kila kitenzi kimepangwa kwenye mstari wake, mdomo ameufunga. Alijiambia atazungumza siku atakapokuwa hakosei. Miezi mitano ikapita. Dukani bado alikuwa anaonyesha mkate kwa kidole. Nawauliza, mtu wa namna hiyo atasema nini mbele ya wazazi mia?

Aliyewafundisha alikuwa bibi mmoja mstaafu, mpole, miwani yake imefungwa kamba. Alhamisi moja akamwambia kwamba leo ni zamu yake, awaeleze wenzake amefanya nini tangu asubuhi. Hapakuwa na pa kujificha. Mwalimu akasimama, akafunga kifungo cha koti, akaanza. Sentensi ya kwanza ikaharibika, na ya pili ikaharibika zaidi. Bibi akamsahihisha taratibu, akamgeukia Mchina, kisha yule mama wa Ukraine. Akaandika ubaoni, akafuta. Alipogeuka, mwalimu alikuwa bado amesimama.

"Kuna kinachokuuma?" akamuuliza.

"Hapana. Nimekosea."

"Kwa hiyo?"

"Nasubiri mwenzangu apate, ndipo nikae."

Bibi akaweka chaki mezani. Akasema polepole, ili aelewe kila neno: "Mjukuu wangu yuko darasani kwako. Ana miaka tisa. Kila siku yenye somo la Kiingereza anaamka akisema miguu inamuuma. Tumempeleka kwa daktari mara mbili, na daktari haoni kitu."

Wapendwa, mwalimu yule aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Alimjua mtoto huyo, ni yule mdogo anayesimama karibu na dirisha karibu kila kipindi. Yeye alikuwa akidhani ni mzito wa kuelewa.

"Keti," bibi akamwambia. "Mtu aliyesimama hivyo hasikii somo, anasikia miguu yake."

Asubuhi yake akaingia darasani, akauliza swali, na mtoto yule akakosa. Akaanza kunyanyuka kama alivyozoea. Mwalimu akamwambia aketi, leo anasimama yeye. Akasimama mbele yao, akawasimulia kwa Kihispania chake kibovu jinsi alivyounguza maharage jana, na darasa zima likamsahihisha, na akacheka nao mpaka akafuta macho. Akafanya hivyo kila siku. Mwezi wa sita alizungumza mbele ya wazazi, akakosea mara kumi na moja, maana wanafunzi wake walikuwepo na walihesabu. Wazazi walimwelewa. Mkataba ukaendelea, na miguu ya mtoto ikapona bila dawa.

Mnadhani nimewapeleka Hispania kutalii? Nilikuwa nawatafutia njia ya kufika hapa, kwenye hizi ngazi tatu za madhabahu.

Sisi nasi tuna utaratibu wetu. Mtu akianguka na likajulikana, tunamtenga na meza ya Bwana. Akitubu, tunamrudisha kundini. Ni jambo jema, na sitaki mtu aondoke hapa akasema mchungaji amefuta toba. Lakini tunamrudishaje? Tunamsimamisha hapa mbele. Mimi nasoma jina lake na kosa lake, ninyi mnamkagua kuanzia kilemba hadi viatu, na tukiimba ubeti wa tano bado amesimama. Nimefanya hivyo miaka kumi na miwili, tena kwa sauti nzuri.

Mnamkumbuka binti yule wa kwaya, aliyeimba sauti ya pili? Tulimsimamisha Jumapili ya kwanza ya Majilio. Tukamsamehe kwa maneno yote yaliyoandikwa kitabuni. Jumapili iliyofuata hakuja, na hajaja tena, huu mwaka wa nne. Tulisema ana kiburi. Je, kama ilikuwa ni miguu? Kila nikipita kwao roho inaniuma, na kesho sitapita tu, nitabisha hodi.

Leo kuna ndugu yetu anayerudi kundini. Jina lake mmelisoma kwenye matangazo. Tangu tuanze ibada yuko pale karibu na nguzo, anatazama viatu vyake, anasubiri nimwite. Ndugu yangu, sikuiti. Keti hapo hapo ulipo. Umetubu mbele za Mungu, wazee wamekusikia, inatosha.

Watakaosimama ni sisi wengine. Kila anayekumbuka kosa lake mwenyewe ambalo halikuwahi kusomwa hapa mbele, na asimame sasa. Msinitazame mimi, nimesimama tangu mwanzo.