Kilio Kimoja cha Kibonge

Paukwa!

— Pakawa!

Na mikono?

— Inamenya kunde!

Haya, imenye. Masikio nipeni mimi.

Alikuwako mtoto wa tembo, jina lake Kibonge. Siku moja mama yake alivuka mto kwenda kulamba chumvi, akamwacha kwa mama wakubwa na mama wadogo. Nao walikuwa vichakani wanakula, kwacha, kwacha. Kibonge, mtundu yule, akaenda kuchezea tope. Dididi! Akazama mpaka tumboni.

Mara Chui huyo, nyata, nyata, nyata. Mate yanamdondoka kwa tamaa.

"Ukilia tu, nakurukia shingoni!"

"Shikamoo, mjomba," akasema Kibonge. Moyo unampiga du du du, lakini adabu hakuisahau.

"Marahaba. Mama yako yuko wapi?"

"Ng'ambo ya mto, mjomba."

"Na wale wa vichakani?"

"Wale? Hakuna hata mmoja aliyenizaa."

Chui akacheka, kwa kwa kwa! Kwao akina Chui, kila mama na wake. Mtoto wa mwingine hata akiungua hatazamwi.

"Mjomba, nakuomba kitu kimoja. Niache nilie mara moja tu, nimuage mama. Na huko aliko hatanisikia."

"Lia, mwanangu, lia hata mara tatu! Nani atahangaika na mtoto asiye wake?"

Kibonge akavuta pumzi. "Mpruuuuu!"

Lo! Pu, pu, pu, ardhi ikatetemeka. Bibi mbele, masikio kayatandaza. Mama wakubwa nyuma yake, mama wadogo nyuma yao. Chui mbio, juu ya mti! Huku chini mmoja akachimba ukingo kwa mguu mpaka ukawa mteremko, mmoja akamsukuma mtoto kwa kichwa, mwingine akamvuta kwa mkonga. Pwaa! Kibonge nje. Wakamzunguka wote, huyu anamnusa, yule anamfuta tope.

Chui juu ya mti analalamika: "Umenidanganya, we mtoto!"

"Wapi, mjomba? Mama kweli yuko ng'ambo."

Ngano yangu imefika ukingoni. Ikiwa tamu ilambeni, ikiwa chachu nirudishieni. Na funzo lake lishikeni sana: mtoto wa mwenzio hakuhusu, kila mtu ahangaike na wake. Mimi mwenyewe ndivyo nilivyo... Eh! Nani huyo analia uani? Mtoto wa jirani yetu Mwanaidi? Na nyie mmekaa tu mnanitazama! Mleteni hapa, mleteni kwa bibi. Masikini, kamasi zote hizi!