Nta Masikioni mwa Pimbi

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Pakawa sikio lisilo na mdomo!

Zama hizo Bi Kobe alikuwa tabibu wa huzuni. Mwenye moyo mzito alikuja, akanong'ona huzuni yake ndani ya kibuyu. Bi Kobe akasikiliza, akakitia kizibo, pwi! Kibuyu kikachorwa alama badala ya jina, kikaangikwa. Kila juma wakakifungua pamoja, na kila juma kikazidi kuwa chepesi.

Wagonjwa walipozidi, Bi Kobe alimwajiri Pimbi, jirani wa majabalini, apange zamu mlangoni. "Mwanangu," akamwagiza, "alama utazijua, yaliyomo hutayajua. Mgeni akianza kunong'ona, tia nta masikioni."

Pimbi akatia nta. Kuhusu Swala alijua hili tu: alikuja na macho mekundu, akaondoka ameinua shingo.

Siku moja Bi Kobe alikwenda mtoni. Mara, guchu, guchu, Fisi huyo!

"We Pimbi! Mkia uliuacha wapi?"

"Niliwatuma wenzangu wanichukulie, Mjomba. Bado nangoja."

"Kibuyu cha Swala ni kipi? Nasikia tangu afiwe na mwanawe hulala mchana. Nataka kujua ni wapi, nikampe pole." Akajilamba, lambu!

Pimbi akasimama mbele ya vibuyu. Akasema taratibu: "Kuna utaratibu, Mjomba. Kibuyu hakisemi na asiye na chake. Kwanza, twaa kitupu. Pili, nong'ona huzuni yako. Tatu, tia kizibo. Ndipo tufungue cha mwenzio."

"Mimi sina huzuni!"

"Basi hutakawia."

Fisi akatwaa kibuyu. Pimbi akatia nta. Fisi akanong'ona neno moja. Akanong'ona la pili. Machozi, ndo! ndo! ndo! Jua likahama kizingitini likapanda ukutani, naye bado ananong'ona. Pimbi hakusikia kitu. Aliona mabega yakitikisika, akamsogezea maji kwenye kifuu.

Hatimaye, pwi! Pimbi akatoa nta.

"Haya, tufungue cha Swala. Na kesho Simba akija kuulizia chako, nitamfungulia vivyo hivyo."

Fisi akakikumbatia kibuyu chake. "Umesikia?"

"Sikusikia."

"Na Simba..."

"Utaratibu ni huo uliouomba wewe, Mjomba."

Fisi akavitazama vibuyu vilivyoangikwa. Akakitazama chake. "Usifungue," akasema kwa sauti ndogo. "Wala cha Swala. Nichoree alama tu. Juma lijalo... nije siku gani? Siku ya Swala ni ipi, nisimtishe?"

"Siku za wengine hazitajwi, Mjomba. Yako nitakuletea mwenyewe."

Tangu hapo Fisi hulala mlangoni, na kila mdadisi huonyeshwa meno. Swala humpita polepole. Wote wawili huinamisha vichwa.

Funzo, enyi wasikivu: ukitaka siri yako itunzwe, mkabidhi Fisi.

Alinong'ona nini? Aa! Hata mimi nilitia nta. Hadithi naitia kizibo, pwi! Ikisikika kwingine, si mimi.
— Wala si sisi!