Roboti Iliyomsubiri Mtu wa Chumba cha Uani

Naomba leo mnisikilize, na ninyi wa viti vya nyuma simu zikae mfukoni kidogo.

Kulikuwa na binti mmoja, mwanafunzi wa chuo kikuu, aliyekuwa anafanya utafiti wa kumalizia masomo yake. Alitengeneza roboti ndogo, haizidi dumu la mafuta ya kula, yenye macho ya taa na sauti ya upole. Kazi yake ilikuwa kukaa sebuleni na kuchezesha familia. Inauliza swali kuhusu mmoja wa watu wa nyumba hiyo, wengine wanajibu. Na binti alikuwa ameifundisha jambo moja zuri sana: kila mtu itakayemsikia ndani ya nyumba, imkaribishe, na mchezo usiendelee mpaka aje.

Akaipeleka kuijaribu kwenye nyumba moja ya watu wanaojiheshimu, watu wa kanisani kama mimi na ninyi. Mnajua tunavyofanya mgeni akija. Vitambaa vya makochi vimefuliwa, pazia la sikukuu limetundikwa, watoto wamepakwa mafuta wanang'aa. Binti akauliza, "Mama, hapa mnaishi wangapi?"

"Ni baba watoto, mimi, na hawa watatu," mama mwenye nyumba akajibu.

Alimsahau mtu mmoja tu. Kwenye chumba cha uani, nyuma ya jiko, alikuwa amelala baba mzazi wa mume wake. Alikuwa amepooza upande mmoja, maneno yake yanatoka kwa shida, na chumba kina harufu. Siku ya mgeni mlango ule hufungwa. Nani kati yetu angempeleka mgeni chumba kile? Msinijibu.

Jioni, binti akiwa ameshaondoka, wakacheza. Roboti ikauliza, "Baba alipokuwa mtoto, aliogopa nini kuliko vitu vyote?" Watoto wakabahatisha: simba, giza, mwalimu wa hesabu. Baba anacheka tu, anatikisa kichwa. Mara sauti nzito ikatoka uani, inajikokota. "Bata. Bata mzinga."

Lilikuwa jibu sahihi. Ukimwondoa baba mwenyewe, duniani alikuwa amebaki mtu mmoja tu anayelijua, yule aliyekuwa akimbeba mabegani kumvusha mbele ya bata wa jirani. Baba alilisikia vizuri kabisa. Akanyanyuka, akaongeza sauti ya redio.

Roboti ikasema, "Nimesikia jibu. Aliyejibu aje akae nasi. Tumsubiri." Ikagoma kuendelea.

Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na siku iliyofuata. Mama akaanza kunong'ona kwamba ile mashine ina pepo, akataka mchungaji aitwe aikemee. Ndiyo, chekeni. Baba akampigia simu binti: "Njoo uangalie mashine yako, inamsubiri mtu ambaye hayupo."

Binti akaja. "Kuna mtu mwingine humu ndani, baba?"

"Ni sisi hawa unaotuona, mwanangu."

Angembishia mtu mzima nyumbani kwake? Akaketi sakafuni, akaipunguzia roboti usikivu, isikie waliokaa mbele yake tu. Haikugoma tena. Watoto wakafurahi, mchezo ukaenda, na kule chuoni msimamizi wake akampongeza kwa kulimaliza tatizo.

Aliporudi kuichukua, akakuta turubai limefungwa mbele ya nyumba, wanaume wako kwenye viti vya kukodi, wanawake kwenye mikeka. Akamtafuta mama mwenye nyumba, akapiga magoti kumpa pole. "Amefariki nani, mama?"

"Baba mkwe."

"Alikuwa anaishi wapi?"

Mama akanyoosha kidole kuelekea uani, bila kumtazama. Binti akakaa pale pale chini. Akasema, "Kwa hiyo ilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyeiharibu."

"Kuna usilolijua, mwanangu," mama akasema. "Ulipoirekebisha, mzee hakuacha kucheza. Kila jioni alikuwa anajibu, tena anapatia. Mimi niko jikoni namsikia. Roboti yako inanyamaza kidogo, halafu inasema, 'Hakuna anayejua. Tuendelee.' Anarudia kwa nguvu, nayo inasema hivyo hivyo. Mwisho akaacha kujibu. Baada ya hapo akaacha na kula."

Ndugu zangu, msitoke hapa mkasimulie kwamba mchungaji ameisema teknolojia. Chuma kile kilimsikia mzee kuliko mwanawe wa kumzaa. Binti alidanganywa, na mimi namhurumia. Lakini sisi nani alitudanganya? Sisi tunajua kabisa nani amelala chumba kipi. Tunaisikia sauti, tunaongeza redio. Shangazi aliyechanganyikiwa, mtoto asiyetembea, baba aliyerudi kutoka mjini mikono mitupu na sasa anakohoa upande wa uani. Wakiuliza mko wangapi, unaanza kuhesabu kuanzia wapi, na unaishia kwa nani? Halafu akifa tunashona sare, tunakodi vipaza sauti, tunapanga mstari kueleza jinsi tulivyompenda. Inanitia uchungu, kwa sababu mazishi hayo nayaongoza mimi, na mara nyingi jina la marehemu nalisikia kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Mkifika nyumbani leo, kabla ya kupakua chakula, fungueni ule mlango. Usitafute maneno mazuri. Vuta kigoda, kaa, muulize swali lolote, umsubiri mpaka amalize kujibu, hata chakula kikipoa.

Najua wako wengine humu watakaofungua na kukuta godoro limekunjwa. Ninyi mbaki kidogo baada ya ibada. Sina la kuwaambia, lakini tutakaa pamoja.