Saumu ya Uqba na Ngazi za Mwashi

Inasimuliwa na waliotutangulia, na mwenye kuujua ukweli wote ni Mwenyezi Mungu peke yake, kwamba katika mabonde ya nchi ya Yemen palikuwa na mji mdogo uitwao Nuhaila, na humo akiishi msusi wa vikapu jina lake Uqba bin Mazin, Mwenyezi Mungu amrehemu. Uqba alizaliwa na miguu isiyomchukua. Alikuwa akienda kwa ubao mdogo wenye magurudumu, akijisukuma kwa viganja alivyovivika ngozi, na kwa kuwa mji ulikuwa tambarare, hapakuwa na mlango asioufikia. Sokoni alikuwapo, kisimani alikuwapo, na msikitini mara nyingi alimtangulia mwadhini. Tena alikuwa mcheshi. Akiona mtu anamtazama kwa huruma humwambia, "Usinihurumie, ndugu yangu. Tangu nizaliwe sijanunua viatu."

Ukaja mwaka ambao mvua ya milimani ilishuka yote kwa mkupuo, ikajaa bondeni na kuzichukua nyumba za udongo moja baada ya nyingine. Kwa rehema za Mola hakufa mtu. Watu walikimbilia kilimani, na Uqba alipandishwa juu ya punda wa jirani. Lakini mji ulikwisha, na ubao wake ulikwenda na maji.

Watu wa Nuhaila wakaapa kwamba hawatajenga bondeni tena. Wakaanza mji mpya ubavuni mwa kile kilima, wakiongozwa na imamu wao, Sheikh Abdulmuhsin, mchamungu ambaye kosa lake lilikuwa moja tu, kupenda mno kuhutubia. Kazi ya mawe ilishikwa na mwashi Hurayth, fundi wa sifa, ambaye akiona ardhi iliyoinama mikono humwasha kwa hamu ya kujenga ngazi. Msikiti aliuweka juu, na penye uwanja wa msikiti ndipo watu walipofanyia kazi na kugawiwa chakula. Vyoo aliviweka chini kabisa, harufu isiwafikie waumini. Baina ya juu na chini zilikuwa ngazi, na hakuna aliyezipanda asiyemwombea Hurayth maisha marefu.

Uqba alibebwa juu kila asubuhi kutoka mahemani, walikokuwa wakilala, ili asuke vikapu vya kuchukulia udongo, kwani bila vikapu vyake ujenzi usingekwenda. Wa kumbeba hawakukosekana. Walikuwa wakimgombania kwa kutaka thawabu, huyu kashika bega, yule kashika kiuno, na hakuna aliyekuwa radhi kuliachia fungu lake.

Siku ya kwanza, adhuhuri ilipokaribia, Uqba alishikwa na haja. Akamnong'oneza mmoja, na yule mmoja, kwa furaha ya kupata jema la kufanya, akawaita wenzake. Ukatoka msafara. Walimteremsha kwa takbiri, akina mama wakiacha kuchekecha unga ili watazame, na walipofika chooni wakasimama mlangoni kumngoja. Kila baada ya kitambo mmoja wao aliuliza kwa upole, "Tayari, ewe Uqba?" Mtu akiulizwa hivyo, ndugu zangu, hata haja yenyewe humkimbia.

Akarudishwa juu kwa heshima ile ile, naye akakata shauri moyoni mwake. Tangu kesho yake akawa hali kitu wala hanywi tone mpaka arejeshwe kwake jioni. Alipopelekewa maji mchana, alitikisa kichwa. Aliyempelekea akasema, "Mashaallah, kumbe umefunga," na Uqba, kwa haya, akanyamaza. Hapo ndipo alipoteleza. Kunyamaza kule kukawa jibu, na jibu lile likatembea kilima kizima kabla ya alasiri.

Watu wakaanza kumwita Uqba Msubirifu. Ijumaa, Sheikh Abdulmuhsin akapanda mimbari akasema, "Mtazameni Uqba, enyi waja wa Mwenyezi Mungu. Mola alimpa mwili dhaifu, mafuriko yakamchukulia nyumba, naye anafunga na haombi chochote kwa yeyote. Nanyi mnanung'unika kwa sababu ya tende zilizokauka." Watu wakalia. Uqba naye akalia, ila yeye alilia kwa kiu na fedheha. Baadhi ya wajenzi wakaanza kufunga ili wamfuate, na miongoni mwao ni Hurayth mwenyewe, ambaye kwa njaa akaujenga ukuta wa kusini ukaenda upogo.

Uqba alikuwa akikaa na dada yake, jina lake Umaima, mwanamke asiyepitwa na jambo. Jioni moja alimtazama kaka yake akilimaliza kuzi zima la maji bila kupumua, kisha akasema, "Kaka, saumu gani hii isiyo na daku?"

"Kuna watu hawali daku, Umaima."

"Na tumbo unalolishika tangu juzi, nalo limefunga?" Dada yake akaketi karibu naye. "Mficha uchi hazai, kaka. Utajimaliza, na watu watakuzika kwa sifa."

Uqba aliumia kwa maneno yale, kwani aliyajua kuwa kweli. Maumivu ya tumbo aliyaweza. Lililomnyima raha ni kwamba alikuwa akila sifa za ibada asiyoifanya, na Mola wake anamwona. Lakini akisema kweli, atawaambia nini watu waliokwisha kulia kwa ajili yake?

Basi ikawa siku moja mawingu yametanda tena milimani na hofu imewaingia watu. Jua lilipokaribia kuzama wakakusanyika uwanjani, na Sheikh Abdulmuhsin akamkabidhi Uqba tende na kata ya maji. "Tuombee, ewe Uqba, kabla hujafuturu," akasema. "Tumefundishwa kwamba dua ya mfungaji hairudi. Mwombe Mola atuepushie mafuriko mengine."

Watu wote wakainua mikono. Uqba akayatazama maji, akazitazama nyuso zile zilizomtegemea. Kuwanyamazia watu aliweza. Kusimama mbele ya Mola wake kwa jina la saumu isiyokuwapo hakuweza. Akaiweka kata chini.

"Sheikh wangu, mimi sikufunga. Si leo wala siku yoyote tangu tupande hapa."

Mikono ikashuka mmoja mmoja. Sheikh akamuuliza, "Basi mbona hunywi maji?"

"Kwa sababu nikinywa nitataka kwenda chooni, na siwezi kwenda chooni bila maandamano."

Akina mama wakaficha nyuso kwa mitandio. Sheikh hakucheka. Akasema, "Nawe hukutuambia?"

"Ulinisifu juu ya mimbari kwamba siombi kitu. Mtu akishasifiwa kwa kutoomba, ataomba vipi?" Kisha Uqba akavuta pumzi, na ule ucheshi wake wa zamani ukamrudia. "Miguu yangu ni kadari ya Mola, nami nimeisubiria tangu nizaliwe. Lakini ngazi hizi ni kadari ya Hurayth, na Hurayth huyu hapa, anaweza kuulizwa."

Hurayth akaruka. "Ngazi zangu zina kasoro gani? Ni ngazi nzuri."

"Nzuri sana, bwana fundi. Mimi nimezitazama kuliko mtu yeyote, maana sina jingine la kuzifanyia."

Hapo uwanja mzima ukaangua kicheko, na Hurayth, baada ya kununa kidogo, akacheka nao. Sheikh Abdulmuhsin machozi yalikuwa yakimlengalenga. Akaiinua ile kata akamrudishia Uqba mkononi. "Kunywa, ndugu yangu. Nitakushusha mimi peke yangu, na wallahi sitakuuliza kama uko tayari. Kisha utuombee vivyo hivyo, hukufunga lakini umesema kweli."

Uqba akanywa, akaomba, na mvua ile ikapita mbali.

Asubuhi yake Hurayth alivunja nusu ya ngazi zake kwa mkono wake mwenyewe na kuanza kujenga mteremko wa mawe laini, mpana wa kupita ubao. Choo kimoja kikajengwa karibu na uwanja, bila kizingiti, na seremala akachonga ubao mpya. Sheikh naye akaacha kuhutubia kwa muda, akawazungukia wote ambao macho, masikio au viungo vyao vilikuwa na udhaifu, akawauliza wanahitaji nini. Bi Ghaziya, ajuza asiyeona, alisema anataka kamba tu ya kuishika kutoka hemani kwake mpaka penye mitungi ya maji. "Tangu tupande kilimani nimekungoja uniulize," akamwambia. "Kila anayekuja huniomba dua, akipata huenda zake."

Mteremko ulipokamilika, watu wakajipanga kumsukuma Uqba. Akawaambia, "Rudisheni mikono yenu. Thawabu zenu mmekwisha kuzipata kwenye mawe." Akateremka mwenyewe, akapotea nyuma ya ukuta wa choo, na hakuna aliyemfuata wala aliyeuliza lolote. Aliporudi aliomba maji, na ilikuwa mchana, akanywa mbele ya watu wote mpaka akatosheka, akamhimidi Mola wake na kuendelea kusuka.

Ndugu zangu, subira ni taji, na Mwenyezi Mungu yu pamoja na wenye kusubiri. Lakini tunapomwona mja amesubiri nasi tukataka kumsifu, tujiulize kwanza kama si sisi tunaomsubirisha.