Kisima Kilichopiga Simu

Kisima hakimfuati mwenye kiu. Methali hii mmeisikia asubuhi kwa shangazi yenu, sasa mnataka kujua imetoka wapi. Haijatoka mbali, wanangu. Ilizaliwa stendi ya mabasi ya Dodoma, na aliyeizaa ni Bi Nyamizi, fundi cherehani wa Nzega.

Alikuwa akienda Morogoro, amebeba gauni la harusi la mjukuu wake, kazi ya miezi miwili. Basi liliposimama Dodoma alishuka kununua maji. Kurudi, basi limeshaondoka, na gauni limo ndani. Harusi ilikuwa kesho yake.

Masunga, kijana aliyekuwa akisubiri basi lake, alimhurumia. Akamwandikia malalamiko kwenye ukurasa wa kampuni ya basi mtandaoni, akaweka na namba ya simu ya bibi, kila mtu aione. Hazikupita dakika tano simu ikaita.

“Shikamoo mama. Huduma kwa wateja hapa. Mzigo wako tunao.”

“Marahaba, baba. Mungu akuweke.”

“Sasa hivi zitaingia tarakimu sita kwenye simu yako. Nisomee, tuutoe.”

Kweli zikaingia. Bi Nyamizi akavaa miwani, roho imeshatulia. Kisha akaona ni adabu kwenda mwenyewe.

“Ngoja nije dirishani kwenu.”

“Usijisumbue mama, dirisha limefungwa. Ndiyo maana nimekufuata.”

Bi Nyamizi akatazama mbele. Dirisha la tiketi la kampuni lilikuwa wazi, watu wamepanga foleni, na karani alikuwa ndani akitafuna karanga.

“Mwanangu,” akasema taratibu, “kwetu kisima tulikifuata sisi, mwendo wa saa nzima. Sikukiona hata siku moja kikija mlangoni kuuliza nani ana kiu.”

Akasogea, akampa karani simu. “Mwenzako huyu, salimianeni.”

“Huduma kwa wateja hapa,” ikasema simu.

“Hata mimi,” akajibu karani. “Wewe unakaa meza ipi?”

Simu ikakatika. Foleni nzima ikacheka.

“Hizo tarakimu ni ufunguo wa pesa zako za simu, mama,” karani akamwambia. “Usimsomee mtu, hata mimi.”

Masunga akaifuta ile namba kule mtandaoni, macho chini.

“Inua uso,” Bi Nyamizi akamwambia. “Ulitaka kunisaidia.”

Karani akampigia dereva. Gauni likaachwa ofisi ya Morogoro, na Bi Nyamizi akalifuata kwa basi la jioni. Kesho yake bibi harusi akalivaa, likamkaa sawasawa.

Wale wa kwenye foleni walipanda mabasi yao, kila mmoja na njia yake, na maneno ya bibi yule yakasafiri nao. Hata leo, msafiri aliyepatwa na shida akipigiwa na msaada asiouita, jirani wa kiti humgusa bega: kisima hakimfuati mwenye kiu.