Jiwe la Kilo Lililotobolewa

Wapendwa, leo sianzii shambani wala sokoni. Naanzia kwenye uwanja wa shabaha, na mama zangu mnaoogopa bunduki mtanivumilia, maana hakuna atakayepigwa.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa kulenga shabaha kwa bastola, mzee mwenye huruma nyingi. Mchezo huo una sheria yake. Triga, kile kichuma unachokivuta kwa kidole, haitakiwi kuwa nyepesi. Kabla ya mashindano mkaguzi anahakikisha bastola haina risasi, anaikoki iwe tayari kufyatuka, anatundika jiwe la kilo moja, lile la chuma kama la mizani, kwenye triga, kisha anaiinua bastola polepole, mdomo wake ukitazama juu. Jiwe likinyanyuka na triga ikatulia, umepita. Ikifyatuka, hujapita. Hapo haiulizwi wewe ni mtoto wa nani.

Mwalimu huyu alikuwa na mwanafunzi, askari wa kike, aliyempenda kama binti yake wa kumzaa. Jicho la binti lilikuwa zuri. Lakini triga ikikazwa ibebe kilo, alikuwa anaivuta kwa pupa, risasi inakwenda pembeni. Jioni moja akaiweka bastola mezani, akalia. "Mwalimu, labda mimi si wa mchezo huu."

Mzee hakuyaweza machozi yale. Binti alipokwenda zake, akalichukua jiwe la mazoezini, akalitoboa kwa chini, akapunguza chuma, tundu akaliziba kwa nta na kulipaka rangi. Kesho yake akailegeza triga kidogo, akatundika jiwe. Likanyanyuka. Binti akacheka, akapiga katikati, na tena katikati. Mwalimu akajiambia, acha kwanza apate moyo, nitamweleza wiki ijayo. Mnaijua hiyo wiki ijayo, ndugu zangu? Ile ambayo huwa haifiki?

Yakaja mashindano ya kuchagua timu ya taifa. Mkuu wa binti kazini alikwisha kumwambia kwamba ruhusa ya kwenda kushindana hataipata tena, kwa hiyo ilikuwa ndiyo hiyo au basi. Wakiwa njiani akauliza, "Mwalimu, bastola yangu iko sawa?"

"Iko sawa, mwanangu."

Bado alikuwa na nafasi ya kusema. Akatazama nje ya dirisha.

Walipofika, mkaguzi akatundika jiwe lake, akainua. Triga ikafyatuka, ta. Akarudia. Ta. Binti akageuka kumtafuta mwalimu wake kati ya watu. Mwalimu akainama, akaanza kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

"Ikaze, halafu uirudishe," mkaguzi akasema, bila ukali wowote. Sheria inaruhusu. Binti akaikaza, jiwe likanyanyuka, akaenda kwenye mstari. Lakini kidole kilichozoea wepesi hakikuujua uzito ule. Risasi zikatawanyika pembeni, kama siku ile aliyolia, na jina lake halikusomwa.

Alipotoka, mwalimu akamweleza yote: jiwe, tundu, nta. "Nilikuonea huruma, mwanangu."

Binti akasema, "Ungeniacha nilie kule mazoezini, mwalimu. Kule ningelia, halafu ningejifunza."

Hapo mimi sina la kumtetea mzee.

Ndugu zangu, sisi tumetoboa mawe mangapi? Mtoto kaja na kitu kisicho chake, tunasema bado mdogo. Rafiki anampiga mkewe, tunamwambia ndoa zote ndivyo zilivyo. Dada anakunywa pombe kila siku, sisi tunampelekea maji na kumfungia mlango ili majirani wasimwone. Na sisi tunaosimama hapa mbele kuwahubiria, neno likiwa zito tunalitoboa kwa chini, tunaziba kwa nta, mnarudi makwenu mkicheka. Yote hayo tunayaita huruma. Lakini kweli tunawahurumia wao? Au tunajihurumia sisi, kwa kuwa hatuwezi kukaa karibu na mtu anayelia?

Mimi nasema kaa karibu naye. Mwache alie, umshike mkono, jiwe libaki kilo.

Maana mkaguzi hatatumia jiwe letu, wapendwa. Ana lake. Na siku ya kukaguliwa, yule tunayempenda akishindwa, atageuka kututafuta kati ya watu. Je, tutaweza kumtazama usoni, au tutainama kufunga kamba za viatu?